Kisu hakikuiua kampuni ya Rikidozan, sanduku la feza ndilo liliiua

Kunako tarehe 20 Aprili 1973, katika mji mdogo wa jimbo la Gunma nchini Japani, wanamieleka waliobaki walipanda ulingoni kwa mara ya mwisho chini ya jina la Nihon Puroresu, maana yake Mieleka ya Japani. Kampuni hiyo ilikuwa na umri wa miaka 20. Ndiyo iliyowafundisha Wajapani kukusanyika mbele ya televisheni. Mwaka mmoja na nusu tu kabla ya usiku huo ilikuwa inaonyeshwa na vituo viwili vya televisheni kwa wakati mmoja, jambo ambalo kampuni nyingi za michezo hazilipati hata leo. Usiku ule wa Gunma haikuwa tena na kituo hata kimoja.

Watu wengi wanaposimulia habari hiyo husema kampuni ilikufa kwa sababu mwanzilishi wake, Rikidozan, alichomwa kisu. Ni hadithi rahisi kukumbuka, lakini tarehe zinaikataa. Rikidozan alikufa Desemba 1963, na kampuni ilifunga milango Aprili 1973. Katikati kuna zaidi ya miaka tisa, na katika miaka hiyo kampuni ilijaza viwanja tena na kuingiza feza nyingi. Kisu kilimuua mwanaume mmoja. Kampuni yenyewe iliuawa na sanduku la feza ambalo wale walioumia kulijaza hawakuruhusiwa kuchungulia ndani yake.

Hapa Kongo mieleka ya aina hiyo inaitwa catch, na mashabiki wake hawahitaji maelezo mengi. Ni mchezo wa kulipwa, na mara nyingi mshindi amepangwa kabla watu hawajapanda ulingoni. Lakini kuanguka juu ya mbao, jasho na shingo inayovunjika havipangwi na mtu. Anayeishi kwa kazi hiyo anauza mwili wake kila jioni, na akizeeka hana kitu kingine cha kuuza. Ndiyo sababu swali la nani anashika feza, na anazihesabu mbele ya nani, ni swali la maisha yake.

Kuna pia uzi mmoja unaotoka Kinshasa mpaka Tokyo. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimpiga George Foreman mjini Kinshasa, huku watu uwanjani wakipaza sauti kwa Kilingala: Ali, boma ye. Tarehe 26 Juni 1976 Ali huyo huyo alikuwa katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, akipambana na mwanamieleka Antonio Inoki katika pambano la raundi 15 ambalo liliisha sare. Kisha, muziki wa filamu ya Ali uliobeba maneno hayo ya Kinshasa ulipewa Inoki, ukageuzwa kuwa wake na kuitwa Inoki Bom-Ba-Ye. Kwa miaka na miaka Wajapani waliimba Kilingala kila Inoki alipoingia ukumbini. Inoki huyo alilelewa na Nihon Puroresu, na ndiye aliyefukuzwa mule kwa kuuliza habari za feza.

Ili kuelewa jambo hilo lazima kurudi mwanzo. Rikidozan alizaliwa mwaka wa 1924 katika sehemu ya kaskazini ya Korea, wakati Korea ilikuwa koloni la Japani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kim Sin-rak. Alipelekwa Japani akiwa kijana ili acheze sumo, mieleka ya jadi ya Wajapani, na alianza mashindano mwaka wa 1940. Alipanda mpaka cheo cha sekiwake, ambacho ni cha tatu kutoka juu. Mwaka wa 1950 alikata mwenyewe shungi la nywele ambalo kila mcheza sumo hulifuga, akaacha. Alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi, akajifunza mieleka ya kulipwa kwa Wamarekani waliofika Japani mwaka wa 1951, akaenda kuongeza ujuzi Hawaii, na mwaka wa 1953 akaanzisha Nihon Puroresu.

Wakati ulikuwa wake. Japani ilikuwa imeshindwa vita mwaka wa 1945, miji yake ilikuwa imeungua, na majeshi ya Marekani yalitawala nchi mpaka Aprili 1952. Televisheni ilianza mwaka wa 1953, lakini bei yake ilikuwa juu kuliko mshahara wa mfanyakazi wa kawaida. Kituo cha Nippon Television kikaweka televisheni barabarani na mbele ya vituo vya treni, kila mpita njia atazame bure. Wakazi wa Goma, Bukavu ao Uvira ambao wamewahi kusimama nje ya duka kuangalia mpira kupitia dirisha wanaijua hali hiyo vizuri.

Tarehe 19 Februari 1954, katika ukumbi wa Kuramae mjini Tokyo, Rikidozan alipanda ulingoni pamoja na bingwa wa judo Masahiko Kimura kupambana na ndugu wawili wakubwa wa mwili, Ben na Mike Sharpe. Watu maelfu walijaa barabarani kutazama. Waliwaona kama Wamarekani, ingawa kwa kuzaliwa walikuwa wa Kanada. Kila Rikidozan alipowapiga kifuani kwa ubavu wa kiganja chake, watu waliokuwa wameinamisha kichwa kwa miaka tisa walipiga kelele za furaha. Mieleka ilikuwa tiba ya aibu ya taifa zima, na Rikidozan ndiye aliyekuwa mganga.

Kile ambacho watu hao hawakuambiwa ni kwamba mganga hakuwa mtoto wa Japani kwa kuzaliwa. Habari iliyotolewa kwa watu wote ilisema ametoka Omura, jimbo la Nagasaki, na jina lake ni Mitsuhiro Momota. Wajapani wengi hawakujua ukweli mpaka miaka mingi kisha kifo chake. Alikuwa na sababu ya kuficha. Mwaka wa 1952, Japani ilipopata tena uhuru wake, Wakorea waliobaki pale walipoteza uraia wa Japani. Walinyimwa kazi nyingi, wakadharauliwa mtaani. Shujaa wa Japani kuwa Mkorea lilikuwa jambo ambalo wakati ule halikuweza kusemwa kwa sauti.

Wahami hawatamhukumu haraka kwa jambo hilo. Mtu aliyekimbia kijiji chake anajua maana ya kupunguza lafudhi sokoni, kujibu kwa ufupi akiulizwa ametoka wapi, ao kumwambia mtoto asitaje jina la kilima chao kwenye kizuizi. Hiyo ni siri ya mtu anayejikinga. Haimwibii mtu yeyote.

Lakini ndani ya Nihon Puroresu kulikuwa na siri ya aina nyingine. Kimura, yule bingwa wa judo, alipigana na Rikidozan tarehe 22 Desemba 1954, akapigwa vibaya. Kimura alisema baadaye kwamba walikuwa wamepatana pambano liishe sare, na mwenzake alivunja patano mbele ya nchi nzima. Kimura hakuwa na mtu wa kumshtakia, kwa sababu patano lenyewe lilikuwa siri, na aliyelivunja ndiye mwenye kampuni.

Kutoka hapo kampuni ilipanda sana. Oktoba 1957 Rikidozan alitoka sare ya dakika 60 na bingwa wa dunia Lou Thesz mjini Tokyo. Mwaka wa 1959 kampuni ilianzisha mashindano ya kila mwaka yaliyoleta wageni kutoka nchi mbalimbali. Ijumaa jioni ikawa siku ya mieleka kwenye Nippon Television, kwa udhamini wa Mitsubishi. Mwaka wa 1961 Rikidozan alifungua jengo lake la michezo katika mtaa wa Shibuya. Tarehe 24 Mei 1963, alipopambana na Mmarekani aliyevaa kifuniko cha uso na kuitwa The Destroyer, asilimia 64 ya nyumba zenye televisheni katika eneo la Tokyo zilikuwa zinatazama.

Yeye peke yake alikuwa nyota, mwalimu, mkubwa wa kampuni na mwenye majengo. Katika uongozi wa juu wa chama cha mieleka waliketi pia watu wenye uhusiano na magenge ya yakuza, kwa sababu wakati ule kupata ukumbi katika miji mingi bila wao ilikuwa vigumu. Mambo yalikwenda kwa sababu Rikidozan aliogopwa. Ila woga wa mtu mmoja hauwezi kukaa pahali pa daftari la hesabu, na mtu huyo akifa, woga unazikwa pamoja naye.

Usiku wa tarehe 8 Desemba 1963, katika klabu ya usiku mtaani Akasaka, Rikidozan aligombana na kijana mmoja wa yakuza, akachomwa kisu tumboni. Alikufa tarehe 15 Desemba kwa maambukizo ya tumbo. Alikuwa na miaka 39. Jengo la Shibuya liliuzwa baadaye. Polisi walianza kuyakaza magenge, na wale wakubwa wa giza wakaondoka kwenye vyeo vya chama cha mieleka. Magazeti mengi yaliona kuwa mieleka imefika mwisho.

Haikufika mwisho, na hapo ndipo hadithi ya kisu inapoanguka. Rikidozan alikuwa ameacha wanafunzi watatu ambao kampuni yoyote ingewatamani. Wa kwanza alikuwa Shohei Baba, aliyeitwa Giant Baba, mrefu wa sentimita 209, aliyewahi kurusha mpira katika timu ya besiboli ya Yomiuri Giants. Wa pili alikuwa Inoki, mzaliwa wa Yokohama ambaye familia yake ilihamia Brazili mwaka wa 1957 akiwa na miaka 14, wakafanya kazi ngumu kwenye mashamba. Rikidozan alimwona huko mwaka wa 1960 na kumrudisha Japani. Wa tatu alikuwa Kim Il, Mkorea aliyeingia Japani kwa meli bila hati mwaka wa 1958 ili kumtafuta Rikidozan, akakamatwa, na kisha akaachiliwa kwa msaada wa huyo huyo Rikidozan. Wajapani walimwita Kintaro Oki.

Baba na Inoki walianza kupigana mbele ya watu siku moja, tarehe 30 Septemba 1960. Jioni hiyo Inoki alishindwa, na aliyemshinda alikuwa Kim Il. Mwanzilishi aliyejificha, kijana aliyehama na wazazi, na mwingine aliyevuka bahari bila karatasi: kampuni iliyoitwa Mieleka ya Japani ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka mbali.

Novemba 1965 Baba alichukua mkanda wa kimataifa ambao Rikidozan alikuwa nao, na watu wakarudi ukumbini. Inoki na Baba walipopigana upande mmoja, kumbi zilijaa. Julai 1969 kituo cha pili, NET, ambacho leo kinaitwa TV Asahi, kilianza pia kuonyesha Nihon Puroresu. Patano lilikuwa kwamba mapambano ya Baba yabaki kwa Nippon Television peke yake, na NET imchukue Inoki. Vituo viwili vililipa. Kampuni haikuwa imewahi kuwa na milango miwili ya feza namna hiyo.

Basi feza zilikwenda wapi? Dalili ya kwanza ilikuwa imekwisha kuonekana. Toyonobori, aliyeshika urais wa kampuni kisha kifo cha mwanzilishi, aliondolewa mwanzoni mwa mwaka wa 1966. Watu wa nje waliambiwa ni mgonjwa. Ndani alilaumiwa kula feza za kampuni kwenye kamari. Mtu mwenye akili angesema: hapa tumeona tundu, tulizibe. Angeleta mtu wa nje akague hesabu, angesoma hesabu hizo mbele ya wanamieleka, angeweka kanuni ya nani anatia sahihi. Wakubwa waliobaki walibadilisha jina la rais, sanduku wakaliacha kama lilivyokuwa. Yoshinosato alichukua kiti, na miaka michache baadaye malalamiko yalikuwa yale yale: feza ya kampuni inaishia kwenye starehe za wachache, wakati wanaoanguka juu ya mbao kila jioni hawajui kilichoingia wala kilichotoka.

Mwishoni mwa mwaka wa 1971 wanamieleka walianza kuzungumza chini chini juu ya kuwaomba wakubwa wafungue daftari. Baba na Inoki wote walihusika mwanzoni. Kisha habari ikawafikia wakubwa, na ikawafikia kwa sura nyingine: Inoki anataka kunyakua kampuni. Inoki mwenyewe alisema alitaka kusafisha hesabu. Inawezekana kabisa kwamba mambo yote mawili yalikuwa ya kweli. Inoki hakuwa malaika, na tamaa yake ilionekana maisha yake yote. Lakini kama mwizi akipiga kelele kwamba nyumba inaungua, mtu mwenye busara anaangalia kwanza moshi. Wakubwa wa Nihon Puroresu hawakuangalia moshi. Desemba 1971 walimfukuza Inoki, na swali lake likabaki bila jibu.

Kisha hapo kampuni haikumaliza hata miezi 18. Januari 1972 Inoki alianzisha kampuni yake, New Japan Pro-Wrestling, na tarehe 6 Machi alifanya onyesho la kwanza katika ukumbi wa mtaa wa Ota, Tokyo, bila televisheni. NET, iliyompoteza nyota wake, iliwaambia wakubwa wa Nihon Puroresu: tupeni Baba. Wakubwa hao walikuwa wamewaahidi Nippon Television kwamba Baba ni wao peke yao. Lakini feza ya NET ilikuwa mbele ya macho, wakakubali, na Baba akaanza kuonekana kwenye NET. Nippon Television, kituo kilichoweka televisheni barabarani wakati kampuni ilikuwa changa, ilikasirika na kuondoka Mei 1972. Baba naye aliondoka Julai. Mwezi wa Oktoba alifungua All Japan Pro Wrestling, na Nippon Television ikamfuata.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1973 palikuwa bado na njia ya kujiokoa. Seiji Sakaguchi, nyota aliyebaki, alipatana na Inoki kuunganisha nguvu, na NET ilikuwa tayari kuwafuata. Kim Il alikataa. Kwake kampuni ilikuwa nyumba ya mwalimu aliyemtoa gerezani, na kuiingiza chini ya Inoki kulikuwa kama kuiuza. Sakaguchi aliondoka, NET ikaondoka, na Kim Il akabaki na waaminifu wachache mpaka usiku ule wa Gunma. Kisha wakaenda kuomba kazi kwa Baba. Uaminifu wake unastahili heshima. Lakini aliutoa kwa nyumba ambayo wakubwa wake walikuwa wamekwisha kula paa na milango.

Wapo wanaosema walioua kampuni ni Inoki na Baba, kwa sababu waliigawa. Neno hilo husikika pahali pengi, si Japani tu: mtu akitoka kwenye kikundi, lawama zote zinamfuata. Lakini ukifuata mpangilio wa mambo, mgawanyiko ulikuja mwisho. Kwanza feza ilipotea mwaka wa 1966 na jambo likafunikwa. Kisha watu wakauliza mwaka wa 1971 na muulizaji akatupwa nje. Kisha ahadi kwa kituo cha televisheni ikavunjwa mwaka wa 1972. Baba hakuondoka kwenye kampuni yenye afya. Aliondoka kwenye kampuni ambayo neno lake halikuaminika tena, wala kwa wafanyakazi wala kwa wateja.

Wengine wanasema ni televisheni, kwa kuwa ndiyo iliyoamua nani anaishi. Kuna ukweli ndani yake. Anayelipa ana nguvu, na mashirika yanayoishi kwa msaada wa nje hapa Mashariki mwa Kongo yanajua mfadhili akiondoka kinachobaki ni bango tu. Lakini Nippon Television ilidumu na mieleka kwa karibu miaka 20, hata mwanzilishi alipouawa kwa aibu ndani ya klabu ya usiku. Iliondoka siku ahadi ilipovunjwa.

Na yule Inoki aliyetaka hesabu zisafishwe? Mwaka wa 1983, kampuni yake mwenyewe ilikuwa inapata feza nyingi kuliko wakati wowote wa nyuma, na hata hivyo wafanyakazi hawakuziona. Sehemu kubwa ilikuwa imepelekwa kwenye biashara ya Inoki kule Brazili, ambayo haikufaulu. Agosti ya mwaka huo wafanyakazi na viongozi wenzake walimwondoa kwenye urais kwa muda. Yule aliyeuliza mwaka wa 1971 aliulizwa swali lile lile miaka 12 baadaye.

Ndiyo maana ni kosa kusoma habari hiyo kama vita kati ya watu wazuri na watu wabaya. Toyonobori, Yoshinosato, Inoki: kila mmoja aliposhika ufunguo bila mtu wa kumhesabia, mambo yalikwenda upande mmoja. Tofauti ni kwamba New Japan ilimwondoa mkubwa wake na kuendelea kuishi. Bado inaishi leo, zaidi ya miaka 50 tangu kuanzishwa. Nihon Puroresu ilimwondoa muulizaji, na ikafa.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Wajapani wenye vifua vikubwa, hayawahusu watu wanaolala chini ya sheeting. Yanawahusu. Likelemba ya akina mama kumi sokoni inadumu miaka mingi bila rais maarufu, bila karatasi nyingi, wakati mwingine bila hata daftari. Inadumu kwa sababu feza inahesabiwa mbele ya wote, na kila mmoja anajua leo ni zamu ya nani. Siku mmoja akianza kuiweka nyumbani kwake na kusema mniamini, likelemba hiyo imeanza kufa, hata kama yeye ni mtu wa sala. Ni vile vile kwa komite ya kambi inayopokea orodha za msaada, kwa timu ya mpira ya vijana, kwa kwaya inayochangia nguo, kwa chama cha wanamieleka wa mtaa.

Mambo matatu yangeiokoa kampuni ya Rikidozan, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri. La kwanza, hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wale walioitolea jasho, kwa tarehe inayojulikana. La pili, anayeshika feza asiwe yule yule anayeamua zitumike wapi. La tatu, ambalo ni gumu kuliko yote, anayeuliza asifukuzwe kabla swali lake halijajibiwa. Kama ana tamaa yake, tamaa hiyo ichunguzwe pia, lakini kisha hesabu kuonyeshwa, si pahali pa hesabu.

Neno mchochezi ni jepesi kutupwa. Katika kambi linaweza kumnyima mtu jina lake kwenye orodha, na watoto wake wakalala njaa juu ya swali moja. Wakubwa wa Nihon Puroresu walikuwa na neno lao la namna hiyo kwa Inoki, na walilitumia Desemba 1971 wakiwa na vituo viwili vya televisheni, nyota wawili na kumbi zilizojaa. Kufikia Aprili 1973 walikuwa wamenyamazisha swali kabisa. Hakubaki mtu wa kuuliza, kwa sababu hazikubaki feza za kuulizia.